Daftari la Avenyu Linasema Yuko Kanada

Goma, tarehe 25 Oktoba 1998

Ndugu yangu mupendwa Magloire,

Nakusalimu wewe na nyumba yako yote, mumoja mumoja: bibi yako Charline, na yule mutoto ambaye mimi shangazi yake sijamubeba, nimemuona kwenye picha tu akiwa amefungwa nguo kama furushi la muhogo. Mu wazima? Ile baridi mnayoisema imeshaanza kuuma masikio, au bado inabembeleza? Sisi huku tunapumua. Kwa mutu wa Goma mwaka huu, kupumua ni habari ya kuandikwa kwa herufi kubwa. Nyumba yetu ingali imesimama, mbao zote ziko mahali pake, tundu moja tu la risasi juu ya dirisha la saluni tunamopokelea wageni, na tundu hilo binti yangu Joviale amelifunga kwa picha ya Moyo Mutakatifu.

Barua yako ya mwezi wa tisa ilinifikia kwa mukono wa Mama Mwavita, yule anayepeleka maharagwe mupakani Bunagana na kurudi na sabuni. Unasema uliomba ruhusa kazini, ukaenda uwanja wa ndege na koti la ziada mukononi, ukasimama mpaka musafiri wa mwisho akatoka, na huyo wa mwisho alikuwa bibi muzee wa kizungu na mbwa wake. Unauliza Paulin yuko wapi. Umeliandika mara tatu katika ukurasa mumoja. Nimelala juu ya barua hiyo wiki nne, iko chini ya godoro, na wewe huko bila shaka unasema dada yangu amekuwa na moyo wa jiwe. Usinikasirikie mbele ya wakati. Mama Mwavita anavuka tena kesho, ameahidi kuitia posta Kampala, kwa hiyo leo nitaandika yote. Ila acha nianze na mwanzo, maana mwanzo ulikuwa muzuri, na mimi ndiye niliyeutengeneza.

Bahasha ya chuo cha huko kwenu Kanada ilifika mwezi wa sita, kupitia kwa mapadri. Magloire, bahasha gani hiyo! Nene kama misale, yenye timbri za posta, picha za bata wa rangi. Padri aliniambia niiweke ndani ya mukoba nisije nikaichafua. Mimi niliipitisha mutaa wetu wa Majengo wote nikiwa nimeishika kifuani, upande wenye timbri ukitazama watu. Mutu akiniuliza, najibu kwamba ni karatasi tu za Paulin, wale wazungu wanamusumbua sana, wanamutaka. Unajua mimi nilisoma mpaka la sita kwa masista, nikatolewa nije kuolewa, lakini mwandiko wangu mpaka leo unashinda wa makarani wengi, jionee mwenyewe. Huyu Paulin nilimuzaa, akafiwa na baba akiwa na miaka kumi na moja, nikamulipia shule kwa kuuza unga na mafuta, na mutihani wa État, ule wa serikali wa kumaliza sekondari, akapata sabini na nane kwa mia. Sabini na nane! Wako watoto wa madaktari waliopata hamsini na tatu wakachinjiwa mbuzi.

Ndani ya bahasha kulikuwa na kile kitabu kidogo cha kumuelekeza mwanafunzi anayetoka inchi nyingine. Paulin alitusomea jioni tatu mfululizo, akikitafsiri mustari kwa mustari. Kwamba ukifika, kuna mutu atakayekungojea na kibao chenye jina lako. Kwamba utapelekwa ofisi ya wageni, upewe ufunguo wa chumba, chumba chako peke yako. Joviale akauliza, peke yake, kwani amekosa nini? Tulicheka mpaka machozi. Kwamba usiende kwa mutu nyumbani bila kumuambia mbele. Hapo Mama Henriette, jirani yangu anayetoka Butembo, aliyekuwa amekuja kuomba chumvi na kusahau kuondoka, akasema basi huko si inchi, ni gereza lenye theluji. Nilimujibu kwamba mutoto wake Kambere, anayebeba magunia kule mupakani, hakuna hatari mutu atamufungia katika gereza la namna hiyo. Alichukua chumvi yake. Kesho yake akaanza kuniita Mama Kanada, na kusema kwamba tangu bahasha ifike hata kukohoa nakohoa kizungu. Aliona ananichoma. Mimi nilifurahi, nikawafundisha na wengine waniite hivyo.

Mwisho wa kitabu kulikuwa na orodha ya vitu vya kuja navyo. Orodha hiyo nilitaka kuitimiza yote, mutoto wangu asifike kama mukimbizi. Koti zito. Buti ndefu zisizoingiza maji. Soksi za sufu. Glavu. Na ile kofia ya sufu ya kufunika uso muzima, macho tu ndiyo yabaki nje, wao wanaiita kagule. Nilishuka sokoni Birere siku nne, nikapasua mabalo, yale mafurushi ya nguo za Ulaya, kwa mikono yangu, nikagombana na wanawake ambao siwajui. Koti nililipata la kijani iliyoiva, mifuko mingi, kitambaa hata wembe haukipiti. Buti hazikuwepo kwenye balo lolote, maana nani wa Goma anatafuta buti za theluji? Nikazipata kwa muzee mumoja anayeuza vitu vilivyobaki baada ya wakimbizi kuondoka kambini Mugunga. Nyeusi, ngozi safi, kamba mpaka nusu ya muguu. Paulin alipoziona akasema polepole kwamba mama, hizi ni za askari. Nikamuambia theluji haitamuuliza. Nilizipaka kiwi mpaka nikajiona sura ndani yake.

Halafu, mwanzo wa mwezi wa nane, vita ikaanza tena. Wakubwa wa muji wakabadilika kwa siku moja. Wewe ulisikia kwa redio, sisi tulisikia kwa masikio. Paulin alikuja kwangu akaniomba tuache mambo mengine, avuke mara moja, akangojee ndege Kigali kwa wale rafiki zake wa chuo cha mapadri, maana leo mupaka uko wazi na kesho hakuna anayejua. Nikamuambia misa yake ya shukrani imeshatangazwa tarehe ishirini na tatu, kitenge kimeshashonwa, watu wa kwetu Bushi wote wameshaalikwa, ataondoka vipi kama mwizi? Alikuwa mutoto wa kusikia. Akangoja.

Misa ilikuwa kubwa. Sitaki kujisifu, lakini waliokuja walikaa mpaka nje. Nilimuvalisha lile koti wakati wa matoleo ili watu waone yuko tayari, akatoka jasho kama mutu wa malaria, na watu wakapiga vigelegele. Nyumbani tulipika mbuzi wawili na wali, kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ikamwagika, wazee wakasimama mumoja mumoja kumupa maneno ya njia. Kwetu ukishamupa mutu maneno ya njia, umemutoa. Hawezi kulala tena nyumbani kama vile hakuna kilichosemwa. Unajua hayo, na wewe ulitolewa hivyo hivyo.

Jumanne tarehe ishirini na tano, saa mbili asubuhi, avenyu yote, mutaa wetu muzima, ilimusindikiza kwa nyimbo mpaka barabara ya lami. Kuanzia hapo tulienda naye watatu tu, mimi na Joviale na sanduku. Kwenye bariera ya mupaka aliingia ofisi ya uhamiaji, akageuka akatupungia mukono, tukaona mulango umefungwa. Nililia kidogo, kulia kwa furaha. Na sasa sikiliza nilichofanya, Magloire, maana kila kitu kimetoka hapo. Sikuenda nyumbani. Nilienda moja kwa moja kwa Papa Télesphore, shefu wa avenyu.

Huko uliko sijui kama bado unakumbuka daftari la shefu. Kila nyumba ina ukurasa wake: nani analala humo, ana miaka mingapi, nani mugeni, nani amesafiri. Siku za amani hakuna anayelifungua, panya tu. Nilimukuta Papa Télesphore anakunywa chai. Nikamuambia alete daftari lake na kalamu nyekundu. Akasema, Mama Paulin, kuna haraka gani, hata hajafika Kigali. Nikamuambia kwamba katika avenyu hii hakuna ukurasa ambao umewahi kuandikwa neno hilo, na nataka niwe hapa likiandikwa. Akacheka, akavuta mustari juu ya jina, na pembeni akaandika kama nilivyomutajia: Cirimwami Paulin, miaka 21, amehamia Kanada. Nikamuomba apige na muhuri. Nilirudi nyumbani nikiwa muzito kwa furaha, kama mwanamuke mwenye mimba.

Jioni, jua limeshazama, Paulin akaingia kwa mulango wa nyuma na sanduku lake kichwani.

Walimukalisha kwenye benchi siku nzima. Mwisho wakamuambia pasipoti yake imetolewa na serikali ya Kinshasa, wakubwa wapya hawajaamua kama wanaitambua, aiache kwao wataisoma, arudi wiki ijayo. Wakabaki nayo. Hakuwa na kitu tena chenye picha yake isipokuwa uso wake. Alikaa chini jikoni, akaomba chakula, na alipokwisha kula akasema kwamba kesho asubuhi tutaenda kwa Papa Télesphore arudishe jina kwenye daftari, na tutawaambia watu ukweli, ni mambo ya vita, hakuna atakayecheka.

Hakuna atakayecheka! Mimi nilikuwa namuona Mama Henriette mbele ya macho. Nilikuwa nawaona wale wazee waliomupa maneno ya njia, waliokula mbuzi wawili, wakikutana naye kwenye bomba la maji siku ya tatu. Nilimuambia ni wiki moja tu, kwa nini tujivue nguo kwa ajili ya wiki moja? Akae kwenye kile chumba cha nyuma tunachowekea makaa. Wiki ijayo atavuka alfajiri, na hakuna atakayejua kwamba aliwahi kurudi. Joviale akasema mama, si vizuri. Nikamuambia anyamaze.

Wiki moja ikawa mbili, ikawa tatu. Kila nilipoenda bariera waliniambia nirudi. Na yeye alikaa katika makaa, Magloire, na hakuninung'unikia hata siku moja. Saa yake ya mukono alikuwa ameirudisha nyuma saa sita ili iwe ya kwenu. Sisi tukila cha muchana, yeye anasema huko ndiyo wanaamka. Alimufundisha Joviale hesabu kwa kunong'ona. Kitabu cha chuo alikijua kwa moyo, hata ukurasa wa namna ya kufua nguo kwa mashine. Mimi nje nilikuwa naendelea kutembea kama malkia. Watu waliniuliza habari zake, nikawajibu. Nilisema amefika. Nilisema amepewa ufunguo. Nilisema wamemupokea na kibao. Maneno yote nilikuwa nayatoa kwenye kitabu chake, na jioni namuhadithia, naye anacheka kwa mukono mudomoni asisikiwe.

Ndege yako wewe uliyoingojea ilishaondoka. Nilimuambia Paulin kwamba mujomba wake ataelewa.

Katikati ya mwezi wa tisa mapigano yakaingia mpaka ndani ya muji. Asubuhi moja tu, lakini asubuhi ndefu, risasi kutoka upande wa uwanja wa ndege, sisi chini ya vitanda. Waliposhindwa wale walioingia, wengine wakatupa bunduki wakajificha katika nyumba za watu. Kwa hiyo kesho yake watu wa bunduki wa wale wakubwa wapya wakafunga avenyu mbele na nyuma, wakamutoa Papa Télesphore na daftari lake, wakaanza kupita nyumba kwa nyumba. Sheria yao ilikuwa fupi, waliitangaza kwa sauti ili kila mutu asikie. Aliye ndani ya nyumba na yuko kwenye daftari, atabaki. Aliye ndani ya nyumba na hayuko kwenye daftari, ni mumoja wa wale walioingia. Na nyumba iliyomuficha, inakwenda yote pamoja naye.

Walimupata mara moja. Chumba cha makaa, kijana wa miaka ishirini na moja, amejificha. Wakamwaga sanduku uwanjani, mbele ya avenyu yote: koti la kijani, buti za kamba, kagule ya kufunika uso. Mumoja akaivaa ile kagule, akatugeukia, akauliza wenzake kama ndivyo wanafunzi wanavyovaa Goma. Walicheka sana. Paulin aliwapa barua ya chuo. Mukubwa wao akaisoma, au alijifanya anaisoma, halafu akamuambia Papa Télesphore afungue ukurasa wa nyumba yetu. Papa Télesphore aliangusha daftari, akaliokota, akaliangusha tena. Akasoma: Cirimwami Paulin, amehamia Kanada. Na muhuri. Mukubwa akasema, basi Paulin yuko Kanada, na huyu ana barua ya Paulin. Ameiiba wapi?

Mpaka hapa, ndugu yangu, ndivyo nilivyomuhadithia kila mutu aliyekuja kuniona, na padri pia. Kwamba daftari ndilo lilimukamatisha, kwamba mimi nililia na kupiga kelele na hawakunisikia. Ningeweza kufunga barua hapa, nawe ungenililia kama wao. Sikulia. Sikupiga kelele. Acha nikuambie kilichokuwa.

Mama Henriette ndiye alisema. Yule mwanamuke niliyemunyima heshima miaka yote. Alitoka kwenye mulango wake bila kuitwa, akasema kwa sauti kwamba huyu ni Paulin, mutoto wa Mama Paulin, yeye amemujua tangu hajaota meno, na kama daftari linasema yuko Kanada basi daftari linasema uongo. Alipigwa kofi akakaa chini kwenye mawe. Halafu mukubwa akaja kwangu. Hakunifokea. Aliongea kama mutu anayeuliza bei. Alisema: mama, yule jirani yako anasema huyu ni wako, na daftari linasema wako yuko Kanada. Kama jirani anasema kweli, basi wewe umemuficha, na shefu ameandika uongo, na mnakwenda wote. Na alipokuwa akisema wote, alimushika Joviale juu ya kiwiko, hivi, bila nguvu, na askari wawili walikuwa wanamuangalia Joviale tangu walipoingia. Ana miaka kumi na tano, Magloire. Kama daftari linasema kweli, akasema, huyu ni mwizi aliyeingia nyuma ya nyumba yako bila wewe kujua, na shida ni yake peke yake. Sasa niambie, daftari linasema kweli au linasema uongo?

Nilisema daftari linasema kweli. Nilisema mutoto wangu yuko Kanada.

Na Mungu anisamehe, nilivyolisema, lilitoka vizuri. Nilikuwa nimelisema kila siku kwa wiki tatu, ulimi ulishazoea. Halikukwama hata kidogo.

Paulin aliniangalia. Si kwa hasira, heri ingekuwa hasira. Aliniangalia kama vile alivyokuwa akiangalia hesabu ngumu, mpaka akaipata. Halafu akamuambia yule mukubwa kwamba mama huyu hamujui, kwamba aliingia nyuma akakuta hakuna mutu, na barua aliiokota. Wakamufunga mikono na kamba za zile buti. Alipopitishwa mbele yangu akainamisha kichwa, akasema: samahani mama kwa kuingia kwenu bila hodi. Kwa adabu, kama unavyomuambia mama wa watu. Mimi ndiye nilimufundisha adabu hiyo.

Daftari likasomwa nyumba inayofuata.

Sasa unajua yuko wapi, yaani unajua ninachojua mimi. Kuna nyumba ya matofali upande wa ziwa, huko ndiko wanakowafungia waliokamatwa siku zile. Jumanne na Ijumaa wanawaruhusu watu kuleta chakula. Mulinzi anasimama na karatasi, anasoma majina, na kila jina likisomwa jamaa anasimama, anatoa sahani yake. Nilienda Ijumaa ya kwanza na ugali na samaki wadogo. Waliposoma mpaka mwisho, Cirimwami Paulin hakuwemo. Nilirudi Jumanne, hakuwemo. Joviale ndiye alielewa mbele yangu. Aliniambia bila kunitazama kwamba hawezi kuwa amewapa jina lake. Jina lake lina nyumba, lina mama na dada, na wale wangerudi. Amewapa jina lingine, la kuokota, na hilo hatulijui.

Naomba kwako kitu kimoja, Magloire. Uende chuoni kwenye ile ofisi ya wageni, wakuandikie karatasi yenye muhuri na picha yake, ile aliyowatumia, isemayo kwamba Cirimwami Paulin alitarajiwa na hakufika. Hakufika, waandike wazi. Mwaka muzima nimehangaikia karatasi za kumufikisha. Sasa nahitaji moja ya kusema hakufika. Nikiipata nitaenda nayo kwa yule mukubwa, nitamuambia nilisema uongo, anifanye anavyotaka. Joviale nitamupeleka kwanza kwa masista, wafunge mulango.

Kabla haijafika, naenda kila Jumanne na kila Ijumaa. Yako majina ambayo yakisomwa hakuna anayesimama: watu wa mbali, au jamaa zao wameogopa, au wamekufa. Hayo ndiyo ninayoyasikiliza. Likisomwa jina la namna hiyo na kukawa kimya, mimi nasimama, nasema ni wangu. Wiki ya kwanza nilimusimamia Ntirenganya. Halafu Nzabonimpa. Halafu wengine wawili. Mulinzi ameshanijua, Ijumaa alininyooshea kidole mbele ya watu, akauliza, huyu mama alizaa na inchi nzima? Watu walicheka, na mimi nikacheka nao ili asinikataze. Sahani zinarudi tupu. Paulin tangu utoto hali ukoko wa ugali, anaubakiza pembeni umekunjwa. Kila sahani naipokea, naitazama kwenye mwanga. Mpaka leo hakuna aliyebakiza ukoko. Njaa ya humo ndani labda imemufundisha kuula, sijui, na kwa hiyo hata sahani hazinisaidii.

Nisalimie Charline, umuambie lile koti la ziada asiligawe bado. Umubusu mutoto wangu mudogo kwenye paji. Mama Henriette ananiletea moto asubuhi, naye pia nakuletea salamu zake, ingawa hakunituma. Papa Télesphore amelala mugonjwa, daftari limechukuliwa na mwingine. Joviale nilimupa barua hii aisome yote, nikamupa na kalamu ili aongeze salamu zake mwenyewe kwa mujomba wake. Aliisoma mpaka mwisho, akanirudishia kalamu.

Bwana awalinde huko kwenye baridi, na anijalie mimi mukono wako ukiniandikia, hata kama ni wa kunilaani.

Ni mimi dada yako,
Nsimire,
mama yake Paulin